Siku Tatu Nagasaki



Juma hili nimeletewa swali lisilo la kila siku. Mama mmoja wa kigango cha mbali, mjane wa katekista, ana binti anayesoma Japani katika mji wa Fukuoka. Watoto wake wamechangiana nauli ili mama aende akamtazame binti huyo kwa majuma mawili. Katika majuma hayo binti atapata siku tatu tu za kutembea na mama yake. Mama anataka Nagasaki, ule mji wa bandari, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akiwasimulia watoto wa mafundisho habari za Wakristu wa huko. Kijana wake mkubwa anapinga. Anasema siku tatu hizo ni za kwenda Tokyo kuona mji mkubwa, kwani Nagasaki kuna nini ila makaburi? Wameshindana, na sasa wanataka niwapangie safari.

Kuamua shauri la mama na mwanawe si kazi ya karani. Lakini kupanga safari kwa kalamu na karatasi ni kazi ninayoiweza, na pengine mpango ukiisha kuandikwa vizuri, mashindano yenyewe yatakwisha. Wenye shauri wameniruhusu niuandike hapa gazetini. Siku hizi vijana wetu wengi wanasoma nchi za mbali, na wazazi wengine nao wataitwa kama mama huyu.

NJIA NA KARATASI

Tuanze na ramani. Japani ni nchi ya visiwa. Kisiwa kikubwa cha kusini-magharibi huitwa Kyushu. Fukuoka uko kaskazini mwa kisiwa hicho, na Nagasaki uko pwani yake ya magharibi. Kutoka Fukuoka hadi Tokyo ni mwendo wa saa tano hivi kwa treni ya mbio. Hadi Nagasaki ni saa moja na nusu. Mwenye siku tatu akienda Tokyo kwa treni, saa kumi zitakwisha akiwa ameketi kitini, kwenda na kurudi. Hili peke yake lingetosha kumtuliza kijana wetu.

Kituo kikuu cha treni cha Fukuoka kinaitwa Hakata, na mgeni asiyejua hili huhangaika kulitafuta jina la Fukuoka katika ubao. Pale Hakata mtapanda treni hadi Takeo-Onsen. Mkishuka, treni ya pili itakuwa inangoja ng'ambo ya jukwaa lile lile, wala hakuna ngazi ya kupanda. Hiyo ni Shinkansen ya Nagasaki, iliyofunguliwa tarehe 23 Septemba 2022. Wenye fedha chache hupanda basi, ambalo huchukua saa mbili na nusu hivi lakini nauli yake ni ndogo. Kwa kwenda, mama apande treni ili afike na nguvu. Kwa kurudi wapande basi, na akiba hiyo iwanunulie chakula.

Lakini kabla ya treni kuna viza. Mtanzania au Mkenya haingii Japani bila viza, nayo huombwa katika ubalozi wa Japani, Dar es Salaam au Nairobi. Kwa mzazi anayemtembelea mwanawe, mwenyeji aliyeko Japani huandika barua ya mwaliko, na barua ya dhamana ikiwa yeye ndiye anayebeba gharama. Huambatisha pia ratiba ya safari: tarehe hii yuko wapi, analala wapi. Basi mwaona kwamba kupanga siku moja moja si anasa, maana ubalozi wenyewe unataka mpango. Tena, viza ya safari moja hudumu miezi mitatu tangu ilipotolewa, hivyo msiiombe mapema mno ikaisha kabla ya ndege kuondoka.

Mimi niongeze jambo moja ninaloliona kila juma katika vitabu vya parokia, nalo ni jina. Mama aliyebatizwa Maria huandikwa Mariamu katika kadi ya kura na Mary katika cheti cha kuzaliwa. Kijijini twamjua ni yule yule. Mtu wa forodha hamjui. Jina la pasipoti, la tiketi na la barua ya mwaliko liwe moja, herufi kwa herufi. Mwenye kasoro aianze kuitengeneza miezi mingi kabla.

Kwa ndege, watu wa kwetu hubadili Addis Ababa, Doha au Dubai, kisha huendelea mashariki. Saa za Japani ziko mbele ya zetu kwa saa sita. Mama akifika, asipangiwe Nagasaki siku ya pili yake. Alale, ale, aizoee saa ya huko kwa siku nne au tano nyumbani kwa binti yake, ndipo watoke.

MAJIRA

Japani si kama kwetu, ambako tofauti kubwa ni masika na kiangazi. Huko kuna baridi ya kweli Desemba hadi Februari. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, na Nagasaki, kwa kuwa mji umejengwa juu ya vilima, mvua ikizidi huleta hatari. Mafuriko ya Julai 1982 yaliua au kupoteza watu 299. Agosti ni joto zito, na Agosti na Septemba huja tufani kutoka baharini. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei Wajapani wenyewe wana sikukuu nyingi zilizofuatana, treni hujaa na nyumba za wageni hupandisha bei. Tarehe 7 hadi 9 Oktoba mji wa Nagasaki una sikukuu yake kubwa, nayo huujaza mji.

Kwa mama wa miaka sitini na zaidi, mimi nachagua Novemba. Mvua ni chache, jua ni pole, na sweta moja nzito na koti vyatosha. Akikosa Novemba, basi katikati ya Aprili, kabla ya sikukuu zile.

Tena chagueni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ili siku ya mwisho iwe ya Misa. Sababu mtaiona chini.

Sasa nawaomba jambo moja, wapenzi, nalo ndilo kiini cha maandiko yangu yote ya leo. Msipange kwa kuhesabu mahali pengi. Mgeni mwenye siku tatu huandika mahali kumi na tano, akaona milango kumi na tano, na nyumbani akarudi na picha tu. Pangeni kwa kufuata miaka ilivyokwenda: siku ya kwanza wale waliouawa, siku ya pili wale waliojificha, siku ya tatu wale waliorudi. Mahali vitatu vikubwa vyatosha, kimoja kwa siku.

SIKU YA KWANZA: WALIOUAWA

Mkifika asubuhi, acheni mizigo katika nyumba ya wageni, kisha rudini upande wa stesheni mwende Nishizaka. Ni kilima kidogo, kama dakika tano kwa miguu kutoka stesheni, na mama atapanda polepole.

Kabla ya kufika pale, binti amweleze mama jinsi mji ulivyoanza. Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliingia Japani mwaka 1549. Yeye ni jirani yetu kuliko tunavyodhani: katika safari yake ya kwenda India alikaa Msumbiji tangu Agosti 1541 hadi mwanzo wa 1542, na njiani jahazi lake likatia nanga Malindi. Baada yake walikuja Wajesuiti wengine. Mwaka 1563 mtawala mmoja wa upande ule, Omura Sumitada, alibatizwa, na mwaka 1571 bandari ya Nagasaki ikafunguliwa kwa merikebu za Wareno. Kijiji cha wavuvi kikawa mji, na watu wake wengi wakawa Wakristu.

Lakini aliyekuja kuishika nchi nzima, Toyotomi Hideyoshi, aliwaogopa wageni na dini yao. Tarehe 5 Februari 1597, kwa amri yake, Wakristu 26 walisulibiwa juu ya kilima hiki cha Nishizaka. Sita walikuwa Wafransiskani kutoka ng'ambo, watatu Wajesuiti Wajapani, akiwamo Paulo Miki, na 17 walikuwa walei. Wengi wao walikamatwa Kyoto na Osaka, wakakatwa kipande cha sikio, kisha wakaswagwa karibu mwezi mzima katika baridi hadi Nagasaki. Mdogo wao, Ludoviko Ibaraki, alikuwa na miaka 12. Papa Pio IX aliwatangaza kuwa Watakatifu mwaka 1862, nasi twawakumbuka katika Misa kila tarehe 6 Februari.

Mwaka 1962 ulijengwa pale ukuta wenye sanamu zao 26 za shaba, wote wamesimama safu moja, na nyuma yake kuna makumbusho. Mama atafute sanamu zilizo fupi, ndizo za watoto. Mliokwenda Namugongo mnajua jinsi mtu anavyosimama kimya mbele ya jambo kama hili. Kaeni saa nzima. Msiharakishe.

Mchana, mkisha kula, pandeni tramu mwende Dejima. Tramu za Nagasaki zinatembea tangu 1915, nazo ni rafiki wa mwenye miguu mizito, kwa kuwa hupita tambarare chini ya vilima. Nauli ni moja popote uendapo. Unapanda kwa mlango wa nyuma na kulipa kwa mlango wa mbele ukishuka. Kuna pia tiketi ya siku nzima.

Dejima kilikuwa kisiwa cha kujengwa kwa mikono, kilichomalizika mwaka 1636 ili kuwafungia Wareno wasichanganyike na watu. Dini ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchi nzima tangu 1614. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa kabisa, na tangu 1641 wakawekwa hapo Waholanzi, waliotaka biashara bila kuhubiri. Kwa zaidi ya miaka 200 mlango huu mdogo ndio uliokuwa karibu mlango pekee wa Japani kwa watu wa Ulaya. Leo bahari imejazwa udongo, na kisiwa kimebaki katikati ya mji.

Hapo mnunue keki iitwayo kasutera, ya mayai, sukari na unga, waliyofundishwa na Wareno. Wareno hao hao ndio walioacha neno meza na leso katika lugha yetu, na Wajapani wakawaachia neno pan kwa mkate. Sisi twasema padri; Wajapani wa zamani walisema bateren. Neno ni lile lile, lilisafiri katika merikebu zile zile.

SIKU YA PILI: WALIOJIFICHA

Jumamosi ni siku ya Oura. Kanisa la Oura liko juu ya mteremko, na hapa nina neno la kumsaidia mama. Badala ya kupanda mlima kwa miguu, pandeni tramu hadi kituo cha mwisho kiitwacho Ishibashi. Karibu na hapo pana lifti inayopanda kilima kwa mshazari, nayo haina malipo. Mkifika juu mtateremka polepole hadi kanisani huku mkiiona bandari yote.

Sasa sikilizeni kilichotokea katika kanisa hili. Baada ya marufuku, mapadre waliuawa au kufukuzwa. Padri wa mwisho aliyebaki, Mjapani Konishi Mansho, aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo Wakristu walibaki bila padri wa kuwahudumia. Kila mwaka watu waliitwa mbele ya mkuu wa kijiji wakanyage sanamu ya Bwana wetu au ya Bikira Maria, ili ijulikane kwamba si Wakristu. Wengi walikanyaga kwa hofu, kisha nyumbani wakasali sala ya majuto.

Je, dini ilikufa? Haikufa. Walei waliigawana kazi. Katika bonde la Urakami, kando ya mji, palikuwa na mtu wa kushika kalenda, aliyehesabu siku za Kwaresima na Pasaka kila mwaka. Palikuwa na mtu wa maji, aliyebatiza watoto. Palikuwa na mpeleka habari, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwajulisha watu siku za kufunga na za kusali. Baba alimwachia mwana kazi hiyo. Sala zenye maneno ya Kilatini na Kireno walizishika kwa moyo, hata maana ya maneno mengine ilipopotea. Walisali mbele ya sanamu ya mungu-mke wa Kibuddha, na mioyoni mwao walikuwa wakimtazama Bikira Maria.

Mwaka 1864 mapadre Wafaransa waliruhusiwa kujenga kanisa la Oura kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya, nalo likawekwa chini ya jina la wale Mashahidi 26. Tarehe 17 Machi 1865, watu kama 15 wa Urakami walifika pale. Padri Bernard Petitjean aliwafungulia. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao na moyo wake ni mamoja, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria. Tangu 1644 hadi 1865 ni miaka 221.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu tunakaa vigango ambako padri hufika mara moja kwa mwezi, au mara moja kwa miezi mitatu. Aliye kati yetu siku zote ni katekista na baiskeli yake, na mkewe anayemfulia kanzu. Twaweza kudhani kwamba dini yetu ni ya akiba tu, ya kungojea padri. Oura yatuonyesha kwamba walei waliweza kuibeba mbegu kwa vizazi saba bila kuiangusha, wala hawakujivuna kwamba padri hawamtaki tena, alipokuja walimkimbilia. Mama yetu ataingia mlango ule akiwa mjane wa mtu wa kalenda na mtu wa maji. Mimi naona hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchagua Nagasaki.

Sanamu ile ya Bikira Maria ipo hata leo. Kuingia kanisani kuna kiingilio, kwa sababu jengo hilo ni hazina ya taifa, na kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Hivyo mama asiipige picha ile sanamu. Aitazame mpaka aishike moyoni, kama walivyofanya wenyewe. Mwaka 2018 kanisa hili na vijiji kadhaa vya Wakristu wa siri, mahali 12 kwa jumla, viliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Vijiji vile viko mbali, vingine visiwani. Viacheni kwa safari hii.

Jioni, kama miguu inaruhusu, nendeni mlima Inasa, wenye mita 333. Kuna gari la kuning'inia kwenye kamba linalopandisha watu. Taa za mji zikiwaka kuizunguka bandari, mtamtumia kijana wetu picha, naye ataona kwamba taa hazipo Tokyo peke yake.

SIKU YA TATU: WALIORUDI

Jumapili asubuhi nendeni Misa katika kanisa kuu la Urakami. Ulizeni saa ya Misa tangu Ijumaa. Misa itakuwa kwa Kijapani. Lakini mama atajua ni wapi pa kupiga magoti.

Kanisa hili lina habari ndefu. Wale waliojitokeza mwaka 1865 walipata taabu mpya, kwa maana marufuku ilikuwa bado. Tangu 1868 Wakristu wa Urakami wapatao 3,400 walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa sehemu mbalimbali za Japani ili waikane dini. Zaidi ya 600 walifia huko. Mwaka 1873 katazo liliondolewa, waliobaki wakarudi. Wenyewe, hata baadaye walipozeeka, miaka ile ya uhamisho waliiita kwa neno moja tu: Safari.

Walirudi maskini kabisa. Hata hivyo mwaka 1880 walinunua kiwanja. Kiwanja gani? Kile cha nyumba ya mkuu wa kijiji, pale pale wazee wao walipolazimishwa mwaka hata mwaka kukanyaga sanamu takatifu. Juu yake, kuanzia 1895, walijenga kanisa la matofali kwa michango yao, likabarikiwa 1914. Minara yake miwili ilimalizika 1925. Kwa wakati ule lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Asia ya Mashariki.

Tarehe 9 Agosti 1945, ndege ya Marekani ilikuwa imekusudia kutupa bomu la atomiki juu ya mji wa Kokura. Mawingu na moshi yaliuficha mji huo, ndege ikageuka Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu lilipasuka juu ya bonde la Urakami, kama mita 500 kutoka kanisani. Mapadre wawili walikuwa ndani, na waumini waliokuja kuungama kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Hakupona hata mmoja. Katika mji mzima waliokufa hadi mwisho wa mwaka ule walikuwa kama 74,000, wakiwamo Wakorea wengi walioletwa kufanya kazi. Wakatoliki wa Urakami walikuwa kama 12,000. Walikufa kama 8,500.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa daktari Takashi Nagai, mtaalamu wa eksirei, aliyekuwa tayari na kansa ya damu. Mkewe Midori aliteketea nyumbani. Mumewe aliikuta mifupa yake na rozari. Midori alikuwa wa ukoo wa wale washika kalenda wa Urakami. Nagai aliishi na watoto wake wawili katika kibanda kidogo sana, akiandika vitabu kitandani hadi alipofariki mwaka 1951. Kibanda hicho alikiita Nyokodo, kwa kukumbuka amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Kipo bado, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kanisani.

Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959. Kengele moja ilifukuliwa katika kifusi ikiwa nzima, ikapigwa Noeli ya mwaka 1945. Ya pili ilivunjika, na mnara wake ukabaki bila kengele miaka 80. Kisha Wakatoliki wa Marekani walichanga, wakatoa kengele mpya, na tarehe 9 Agosti 2025 kengele mbili zikalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Watu wa nchi iliyotupa bomu ndio walioleta kengele. Mama akiisikia, aelezwe.

Baada ya Misa mtazame kipande cha mnara wa zamani kilichoanguka mtelemkoni, kimeachwa pale pale. Kisha nendeni bustani ya mahali bomu lilipopasukia, na Makumbusho ya Bomu la Atomiki. Makumbusho hayo ni mazito. Nguo za watoto zilizoungua si jambo la kutazama ukiwa na njaa au haraka. Kuleni kwanza. Nagasaki wana chakula kiitwacho champon, tambi nene katika mchuzi wa nguruwe, samaki na kabichi, na sahani moja yashibisha. Mkitoka makumbusho, ketini bustanini nusu saa kabla ya kwenda kupanda basi.

MAMBO MADOGO YASIYO MADOGO

Fedha za huko ni yen. Sarafu ziwe tayari mkononi kwa ajili ya tramu. Bakshishi haitolewi, ukimwachia mhudumu fedha mezani atakukimbilia akurudishie. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Viatu huvuliwa mlangoni nyumbani mwa watu, hivyo mama avae viatu vyepesi kuvua na soksi zisizotoboka. Katika treni watu husema kwa sauti ndogo, na simu hazipigwi. Magari hupita kushoto kama kwetu, hiyo ni nafuu wakati wa kuvuka barabara. Umeme wao ni volti 100, na tundu la ukutani lina nafasi mbili bapa, hivyo chaja ya simu itahitaji kiunganishi chake. Zawadi ya mwenyeji isikosekane. Khanga moja haina uzito mfukoni, wala haina aibu mahali popote.

Dawa za mama za presha ziwe katika mfuko wa mkononi, wala si katika sanduku kubwa. Na mahali pa kulala pawe karibu na kituo cha tramu, hata kama pengine pana bei ndogo zaidi, kwa sababu katika mji wa vilima nyumba ya bei rahisi mara nyingi iko juu ya ngazi mia.

Basi kijana wetu aliuliza kuna nini Nagasaki ila makaburi. Ni kweli, makaburi yapo, na ni mengi. Lakini kila mahali nilipopataja hapa, juu ya kaburi watu wamejenga kitu tena, nao wakikitumia hata leo. Tokyo haitahama. Siku nyingine, Mungu akipenda, ataiona yeye mwenyewe na kutusimulia.

Nanyi msiokuwa na nauli, nami nikiwa mmoja wenu, ipo njia yetu. Tarehe 9 Agosti kila mwaka, saa ile ya Nagasaki ni saa kumi na moja na dakika mbili alfajiri huku kwetu, jogoo wakiwika. Aliyeamka kwenda shambani au kisimani asali Salamu Maria moja kwa ajili ya marehemu wale, na nyingine kwa ajili ya makatekista wa vigango vyetu. Sala hiyo haitaki pasipoti.

Maswali mengine ya safari yaleteni ofisini kama kawaida, Jumanne na Ijumaa, na majina yawe yameandikwa vizuri.

Mungu awabariki.

Karani wa Parokia